Benchi la Ufundi Lajadili Goti la Pancha

Pale njia panda ya Lusahunga, upande yanakoegeshwa malori yanayokwenda Rusumo, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, mlangoni pa kibanda cha kuziba pancha. Watu wa pale wanauita Benchi la Ufundi. Jina lina sababu mbili. Kwanza, liko kwa fundi. Pili, wanaolikalia wameshazifundisha timu zote kubwa za dunia hii, wakiwa wamekaa, bila mshahara na bila kusikilizwa. Kahawa ni ya Yuster, mama mwenye birika jeusi na ulimi mweusi zaidi, na kashata zake za karanga huisha kabla hoja haijaiva. Asubuhi ile ya Jumanne ajenda ilikuwa goti. Ilikuwa siku ya tisa ya ajenda hiyo hiyo, na wajumbe walikuwa bado wako kwenye utangulizi.

Mwenye goti ni Desderius, fundi mwenyewe wa kibanda, mwanaume wa miaka arobaini na moja ambaye madereva wa barabara ile wanamjua kwa jina la Pancha tu. Siku tisa nyuma, Jumapili, aliichezea timu ya maveterani wa Lusahunga dhidi ya Kasulo, akafunga goli la ushindi, na muda huo huo goti likalia ka! kama ukuni mkavu. Tangu hapo kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba linaendelea vizuri. Halikuwa linaendelea vizuri. Lilivimba mpaka suruali ya kanisani ikakataa kupita, likapungua kidogo, kisha likaanza mchezo wa kumtoroka: anakanyaga, goti linakwenda upande wake. Kwa hiyo kila siku alifika kibandani alfajiri kabla ya watu wote, akajikalisha mwisho wa benchi ndani ya ovaroli lake pana, na hakuinuka mpaka wenzake wote wameondoka. Wateja aliwaelekeza ng'ambo ya barabara kwa fundi mwenzake, Irakoze. Aliwaambia kompresa imekufa.

Kompresa ilikuwa nzima kabisa.

Mkewe, Eufrazia, alimwambia siku ile ile ya kwanza: nenda hospitali. Akajibu, Jumatatu. Jumatatu zimeshapita mbili.

– Utafiti mpya umetoka, alisema Mwalimu Gervas, akishusha simu yake kutoka kwenye kifuko cha ngozi.

Mwalimu Gervas alistaafu shule ya msingi miaka sita iliyopita, na tangu astaafu amesoma zaidi kuliko alipokuwa kazini. Kila sentensi yake huanza na utafiti. Wakubwa kwa wadogo humwamkia shikamoo Mwalimu. Akishapita humwita Utafiti.

– Barafu imefutwa, aliendelea.

– Barafu gani? aliuliza Bulugu.

– Ya kuweka kwenye jeraha. Zamani walisema ukiumia pumzika, weka barafu, funga bandeji, nyanyua mguu. Sasa wamekaa upya, wakaona hiyo barafu hawana uhakika nayo.

– Lusahunga hii barafu iko kwenye friji moja, ya soda, alisema Yuster. – Hata wasingeifuta.

– Badala yake wameleta amani na upendo.

Yuster aliacha kumimina.

– Ludia, Mwalimu, alisema Bulugu.

– Amani na upendo. Wamechukua maneno yao ya Kiingereza, wakapanga herufi za mwanzo, ukizisoma pamoja unapata amani, halafu upendo. Siku za mwanzo kiungo kinapewa amani. Baadaye kinapewa upendo.

– Goti?

– Goti.

– Mimi nina wake wawili, alisema Bulugu taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. – Nikiludi nyumbani sipati amani wala upendo. Leo goti lipewe vyote viwili?

Bulugu ni Msukuma wa Kaniha, anafuga na kuuza ng'ombe, na herufi moja au mbili za Kiswahili huwa anaziacha zizini asubuhi anapotoka. Wanamwita Dokta, kwa sababu hajawahi kusikia ugonjwa wa mtu asikumbuke ng'ombe aliyekuwa nao.

Desderius alicheka pamoja na wengine, lakini moyoni kilimgusa kitu. Huenda ndani ya zile herufi kulikuwa na jambo la maana.

– Mwalimu, hebu niambie. Hizo herufi moja moja zinasemaje? Niufanyie nini mguu?

Mwalimu Gervas aliteremsha miwani, akatelezesha kidole juu ya kioo, akatelezesha tena.

– Bando limekata, alisema. – Lakini hoja umeipata.

Ndivyo tafiti za Mwalimu zilivyo. Hufika mlangoni pa jambo lenyewe, zikaishiwa bando.

– Mnampotezea muda, aliingia Pius. – Dawa ya Pancha ninayo mimi. Jumapili tunarudiana na Kasulo, hapa kwetu. Anacheza.

Pius ni dalali wa mahindi mwenye mwili wa gunia lililojazwa vizuri, na ndiye Kocha wa maveterani. Mpira wenyewe hajawahi kuucheza. Anasema kocha akicheza anapoteza picha kubwa.

– Anacheza na goti lipi? aliuliza Yuster.

– Samaki mkunje angali mbichi! Goti nalo ni hivyo hivyo. Usipolikunja likiwa bichi, litakaukia limenyooka. Utamwona Pancha anatembea kama bikari ya darasani.

– Hiyo methali ni ya malezi ya watoto, alisema Mwalimu.

– Na goti ni mtoto wa nani? Mtoto wa paja!

Mwalimu alifikiri. Akanywa kahawa.

– Hata utafiti uko upande wangu, aliendelea Pius. – Wiki iliyopita si ulituambia mwenyewe, Mwalimu, kwamba watu wanaofanya mazoezi Jumamosi na Jumapili tu nao mioyo yao inakaa vizuri, karibu sawa na wanaokimbia kila siku?

– Nilisema. Wakifikisha dakika zile zile kwa wiki.

– Basi! Pancha amepumzika tangu Jumatatu mpaka leo. Jumapili anacheza dakika tisini. Kisayansi yuko sawa.

– Ule utafiti ulikuwa wa watu wazima wa afya, Kocha.

– Ulisema wikendi. Hukusema afya.

– Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, alisema Mwalimu kwa huzuni, akimaanisha kwamba Pancha apumzike nyumbani.

– Ngamani iko wilaya gani? aliuliza Bulugu.

Hata Mwalimu aliikuta kitabuni tu, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Yuster aliongeza kahawa kwenye kikombe cha Desderius bila kuombwa.

– Lakini Pancha, mkeo Eufrazia anasemaje?

– Anasema hospitali.

– Hospitali! alipaza sauti Pius. – Ukienda hospitali na goti watakwambia una presha. Unaingia na ugonjwa mmoja, unatoka na mitatu.

– Ng'ombe dume akiumia goti, alisema Bulugu, – kuna mambo matatu. La kwanza, samli. La pili, chuma cha moto. La tatu, ukiona samli na chuma vimeshindwa, unampeleka mnadani kabla hajakonda.

– Na mimi niko jambo la ngapi, Dokta?

Bulugu alimtazama kuanzia mashavuni kushuka chini, kwa jicho la mtu aliyenunua mifugo miaka thelathini.

– Wewe umeshaanza kukonda.

Walicheka mpaka dereva mmoja wa lori akachungulia dirishani kuona kuna nini. Desderius naye alicheka. Alikuwa amejifunza kucheka haraka siku hizi, kwa sababu mtu anayecheka haulizwi swali la pili. Lakini neno lile lilimwingia. Usiku alikuwa amelala akijiuliza jambo moja tu. Fundi pancha hafanyi kazi kwa mikono, kama watu wanavyodhani. Anafanya kwa magoti. Jeki inaingizwa umechuchumaa. Nati zinafunguliwa umechuchumaa. Tairi la lori linabanduliwa kwenye ringi ukiwa umelipigia goti kama uko altareni. Fundi asiyeweza kuchuchumaa ni sawa na padri asiyeweza kusimama. Na jambo hilo, kwa siku tisa, hakuna aliyelitaja pale kwenye benchi, na yeye hakuthubutu kulitaja.

– Mimi nimefanya uchunguzi wangu, alisema Pius, akisogea mbele ya ubao mpaka ukalia. – Tatizo ni kiatu.

– Kiatu kimefanyaje?

– Kile kiatu cha mpira Pancha alikinunua mnadani, mtumba. Sasa jiulizeni. Mzungu anatoaje kiatu kizima? Hatoi! Yule bwana alikuwa mchezaji, akaumia goti, akastaafu. Kiatu akakitupia kwenye furushi, na lile jeraha liko humo ndani linasubiri mguu.

– Jeraha linakaa kwenye kiatu? aliuliza Mwalimu.

– Fangasi anakaa, jeraha lishindwe?

– Basi na hilo koti lako la mtumba, Pius, alisema Bulugu, – lina talaka ya mtu.

Yuster ilibidi aweke birika chini. Pius alilikunja koti kifuani, akawa kama anasikiliza kama kuna kitu ndani.

– Nyie mnacheka, lakini hamkujiuliza mlipasha au hamkupasha, alisema Mwalimu. – Utafiti uko wazi kabisa. Timu zinazopasha mwili vizuri kabla ya mechi, kuruka kidogo, kukimbia kidogo, kusimama mguu mmoja, wanaumia wachache sana. Kocha, mlipasha?

– Tulipasha.

– Vipi?

– Tulisafiri kwenye lori la wazi saa saba mchana. Jua lilitupasha wote, hata kipa.

– Na kabla ya hapo Pancha alicheza lini mara ya mwisho?

Pius alihesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaacha.

– Mwaka ule wa uchaguzi, alisema. – Si huu uliopita. Ule mwingine.

– Ndiyo hiyo! Mwalimu alipiga paja. – Mwili una kumbukumbu. Goti linakumbuka Pancha wa miaka ishirini na mbili. Halikupewa taarifa, halikupewa semina, Jumapili moja linaambiwa likimbie. Limegoma. Huu ni mgogoro wa kikazi. Goti linahitaji chama.

– Hakuna mgomo, Mwalimu! alifoka Pius. – Nimewaambia tangu siku ya kwanza. Ni yule beki namba nne wa Kasulo. Pancha amepiga, mpira uko wavuni, yule mtoto kaja nyuma kamkata. Nimeona kwa macho yangu haya. Tena wale wa Kasulo walichimbia kitu pale langoni, mimi najua.

Desderius alitazama kahawa yake. Hapo ndipo kila siku alipotazama kahawa.

Beki namba nne hakumgusa. Wakati mpira unatikisa nyavu, yule kijana alikuwa amekaa chini, hatua kumi nyuma, ameshika kichwa. Aliyemgusa Desderius alitoka nje ya uwanja, mbio, mikono juu, akilia kwa furaha, kilo tisini na kitu za Kocha aliyesahau picha kubwa. Pius aliruka akamdandia mgongoni. Desderius alikuwa ndiyo anashuka kutoka kwenye ruko lake la kushangilia. Mguu mmoja ukatua peke yake, na uzito wa watu wawili ukashukia ndani ya goti. Kisha wengine nao wakarundikana juu, na ule mlio wa ka! hakuna aliyeusikia ila yeye, chini kabisa, uso kwenye nyasi, watu saba wakimwambia yeye ni mfalme.

Utamwambiaje mtu jambo kama hilo? Pius alikuwa amelia siku ile. Alimbeba begani mpaka kwenye lori, akiamini anambeba shujaa.

– Alinikata, alisema Desderius. – Eeh.

– Mmesikia! alisema Pius.

– Tena utafiti unasema kukaa sana ni hatari kwa moyo, sukari na mgongo, alisema Mwalimu, ambaye alikuwa amekaa tangu saa moja na sasa saa nne ilikuwa inakaribia. – Siku hizi hata zile hatua elfu kumi kwa siku hawazisisitizi. Elfu saba tu mtu anapata faida kubwa. Elfu kumi ilikuwa biashara ya Wajapani waliotaka kuuza mashine ya kuhesabu hatua.

– Wewe Mwalimu kwa siku unatembea ngapi? aliuliza Yuster.

– Mimi natafiti.

Hapo ndipo Noah moja nyeupe, iliyotoka upande wa Ngara, ilipoingia pembeni ya barabara ikichechemea, tairi la nyuma limelala kabisa. Dereva alishuka akalitazama tairi kama anayeisoma barua ya kufukuzwa kazi. Abiria nao walianza kushuka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa bibi mwembamba wa kitenge cha kijani, mwavuli mkononi, na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi kwa sababu ndicho kitu pekee pale kilichokuwa na kivuli cha bati.

– Shikamoo bibi, walisema wote, Mwalimu akiwemo.

– Marahaba wanangu. Naitwa Benedicta, natoka Kasulo, nawahi kliniki Biharamulo. Nisogezeeni nikae.

Kusikia Kasulo, Pius alikaza uso, lakini alisogea. Walibanana, na nafasi iliyopatikana ilikuwa pembeni ya Desderius.

– Taratibu hapo, bibi, alisema Yuster. – Huyo ana goti bovu.

Bibi Benedicta alikuwa ameshaanza kukaa. Aliishia katikati, mkono kwenye mwavuli.

– Goti lipi? aliuliza. – Nisije nikaligonga.

– La kulia, alisema Pius.

– La kushoto, alisema Mwalimu, kwa sauti moja naye.

– La nyuma, alisema Bulugu.

Walitazamana.

– Kulia kwake au kulia kwangu? Pius alijaribu kurekebisha. – Maana ukikaa hivi, kulia kunageuka...

– Siku ile ulimbeba wewe, Kocha, alisema Mwalimu.

– Nilimbeba mtu mzima mzima! Sikubeba goti!

– Yuster, wewe je? aliuliza Mwalimu.

Yuster, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu aanze kuuza kahawa pale, alifunua birika akachungulia ndani.

Desderius angeweza kunyanyua kidole tu, mambo yaishe. Aliacha. Alitaka kuona watafika wapi. Siku tisa walikuwa wamelipeleka goti lake Ulaya na Japani, wakalipeleka mnadani, wakalikunja, wakalifungulia chama cha wafanyakazi, na sasa, wakiwa wamekaa naye ubao mmoja, bega kwa bega, walikuwa wanayatazama magoti yake mawili kama watu wanaochagua nanasi. Alidhani atacheka. Badala yake alikiweka kikombe chini.

– Ni hili, bibi, alisema, akaligusa la kushoto.

Bibi Benedicta alikaa upande wa goti zima, salama, kisha akanyoosha mkono, akalibonyeza kwa vidole viwili juu ya kitambaa. Desderius alivuta pumzi kwa meno.

– Tangu lini?

– Siku tisa.

– Na hawa?

– Wananishauri.

Bibi aliwatazama wote, kuanzia Mwalimu mpaka Bulugu, bila haraka.

– Hongereni, alisema.

Dereva wa Noah alifika akijifuta jasho.

– Pancha, niokoe. Nimevuka hapo kwa Irakoze pamefungwa, wanasema kaenda msibani Ngara. Una kompresa?

– Imeku... Desderius alianza, kwa mazoea. Akasimama katikati ya neno. Labda ni vile vidole vya bibi, vilivyokuwa bado kama viko pale gotini. – Kompresa ni nzima, alisema. – Haijawahi kufa. Mimi ndiye siwezi kuchuchumaa. Tangu Jumapili ile siwezi. Najaribu alfajiri kabla hamjaja, naanguka.

Wote waligeuka wakaitazama kompresa.

– Kwa nini hukusema? aliuliza Pius.

– Ningesema saa ngapi?

Ikabaki tairi. Dereva alikuwa peke yake, abiria sita walitazama saa, na bibi aliitazama kadi yake. Desderius alinyoosha mkono kuelekea kibandani.

– Kocha, jeki iko nyuma ya mlango. Dokta, chukua spana ile ndefu. Mwalimu, wewe ni mtu mzima, utashika nati zisipotee. Mimi nitawaelekeza kutoka hapa.

Basi Benchi la Ufundi, kwa mara ya kwanza katika historia yake, likaingia uwanjani. Pius alichuchumaa kuingiza jeki. Koti lilipasuka mgongoni, naye akatoa sauti kama mlango wa godauni.

– Umepasha kwanza, Kocha? aliuliza Yuster.

Bulugu aliikanyagia spana kwa mguu mzima, nati ikagoma, akaanza kuisemesha Kisukuma. Mwalimu alichuchumaa mwenyewe, kwa heshima ya sayansi, akapokea nati ya kwanza, ya pili, na ya tatu; ilipofika wakati wa kuinuka ikaonekana kwamba hawezi, ikabidi abiria wawili wamshike kwapani. Desderius alikaa kwenye ubao akielekeza, kushoto, kaza, legeza, si hapo, na kila neno lilipotoka aliona linafuatwa. Walimletea tairi mapajani. Msumari aliuona mara moja. Alilibandua, akakwangua tyubu, akapaka gundi, akabandika kiraka, akajaza upepo, mguu wa kushoto umenyooka mbele kama mpini. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu Jumapili ile, na mikono haikuwa imesahau kitu.

Pius alipomaliza kukaza nati ya mwisho alibaki amepiga magoti kando ya gari, anahema, jasho linadondoka kwenye vumbi.

– Wewe unafanya hivi kila siku? aliuliza.

– Mara kumi. Malori yakiwa mengi, kumi na tano.

Pius alitazama goti, lile la kushoto, safari hii bila kukosea, na kitu kikapita usoni mwake, kama mtu anayesikia kwa mbali mlio ambao siku ile hakuusikia. Desderius aliona. Angeweza kusema. Aliona pia lile koti lililopasuka, akaona inatosha.

– Panda, mwanangu, alisema bibi Benedicta. – Kiti cha mbele nakupa wewe, unyooshe mguu. Mimi presha yangu inakaa popote.

– Bibi, nina kazi.

– Kazi gani? Ya kusema kompresa imekufa?

Walimbeba mpaka garini, Pius upande mmoja, Bulugu upande mwingine. Yuster alipewa ufunguo wa kibanda na maneno ya kumpelekea Eufrazia. Gari lilipoanza kunguruma, Pius aliinamia dirisha, kocha akamshinda binadamu.

– Pancha, wakikupa vidonge uliza kama Jumapili saa kumi...

– Jezi yangu mpe Mwalimu, alisema Desderius. – Kipindi cha kwanza amani, cha pili upendo.

Hospitalini Biharamulo walimpiga picha, wakamwambia mifupa ni mizima, wakampeleka chumba cha mazoezi tiba. Alimkuta dada mmoja mwembamba, raba miguuni, mikono yenye nguvu kuliko umbo lake. Alimlaza kitandani, akaanza na goti zima, kisha bovu, akalivuta huku, akalisukuma kule, akimwangalia usoni na si mguuni.

– Kano la upande wa ndani limechanika, si lote, alisema. – Ulipigwa rafu?

Desderius alitazama dari. Kwa siku tisa alikuwa na jibu la swali hilo.

– Hapana. Nilipongezwa.

Dada hakucheka. Aliandika.

– Uliumia tarehe ngapi?

Alimtajia. Dada alihesabu.

– Na siku tisa zote hizi ulikuwa unafanya nini?

Alimfikiria Mwalimu na bando lake, Bulugu na chuma cha moto, Yuster aliyechungulia birika.

– Nilikuwa nimekaa, alisema.

Kalamu ilitembea. Desderius alinyanyua shingo kuchungulia, akasoma kwa mwandiko mzuri: mapumziko, siku tisa. Jasho la Benchi la Ufundi lote limeingia hospitali kwa maneno matatu.

– Mpira usahau kwa miezi mitatu, alisema dada. – Na kukaa tu usahau kuanzia leo. Huu mguu utaponyeshwa na kazi, kidogo kidogo, kwa mpangilio. Asubuhi, mchana na jioni. Una swali?

Alikuwa nalo. Lilikuwa limemlalia kifuani usiku tisa, na sasa lilipofika mdomoni alijikuta amegeukia ukutani.

– Nitachuchumaa tena?

– Nani alikwambia hutachuchumaa?

Hakuna aliyemwambia. Alitafuta kichwani mwake kote, benchi zima, siku zote tisa, hakumwona aliyesema hivyo. Alikuwa amejiambia mwenyewe, peke yake, katikati ya watu.

– Sikiliza, alisema dada, akimwekea taulo lililokunjwa chini ya goti. – Kaza hili paja. Kaza kabisa. Usikunje. Sasa nyanyua mguu wote, polepole, mpaka usawa wa mkono wangu.

Paja lilitetemeka. Kwa muda halikufanya kitu kingine ila kutetemeka, na jasho likamtoka fundi kama aliyebandua tairi la trela. Kisha kisigino kiliachana na shuka, upana wa kidole, upana wa kiganja, kikagusa mkono wa dada, kikashuka.

– Hiyo ni moja, alisema. – Ziko kumi.